Kiti Hupimwa Saa ya Tatu

Anayepanda pikipiki kutoka Nyamira mjini hadi Kebirigo, au kutoka Suneka hadi soko la Daraja Mbili, hana haja ya kuwaza habari za kiti. Hufika kabla mwili haujapata la kulalamikia. Ndiyo maana katika kaunti zetu mbili, Kisii na Nyamira, ambako pikipiki hupeleka mtoto shuleni, mgonjwa hospitalini na ndizi sokoni, tunazungumza sana juu ya injini, mafuta, tairi na bei ya vipuri, lakini ni nadra kumsikia mtu akikitaja kile kinachobeba uzito wake wote tangu anapoondoka hadi anapofika. Nimekuja kuamini kwamba kwa msafiri wa mwendo mrefu, kiti kinastahili fedha na fikira kabla ya kitu kingine chochote atakachotaka kuongeza kwenye pikipiki yake. Imani hiyo niliipata barabarani, na sehemu yake kubwa niliipata kibandani mwa fundi wa viti mjini Kisii.

Kazi yangu ni ualimu, na nyumbani kwetu ni Borabu, upande ule Nyamira inapopakana na Bomet. Shule zikifungwa, napenda kuiona nchi kwa pikipiki. Nimeteremka Migori hadi Isebania na kuvuka kwenda Tarime na Musoma. Nimepanda Kericho kuelekea Eldoret. Nimekwenda Nairobi kwa njia ya Narok, na kutoka hapo nikashika barabara ya Mombasa. Pikipiki yangu ni ya kawaida tu, ya cc 150, aina ile ile inayobeba mitungi ya maziwa alfajiri na magunia ya majani chai mchana. Injini yake imenitumikia vizuri. Kwa muda mrefu, kilichoamua nisimame wapi na nilale wapi kilikuwa kiti.

Barabara ya Narok ndiyo iliyonionyesha jambo hili kwa ukamilifu wake. Kutoka Keroka kupitia Metamaywa na Kijauri hadi Chebilat, mwili bado mpya. Hewa ni baridi, mashamba ya chai yako pande zote, na matuta ya barabarani hupita bila kuhesabiwa. Baada ya Sotik na Bomet nilikuwa naanza kujisogeza: mbele kidogo, nyuma kidogo, upande huu, upande ule. Nikifika Mulot na Ololulung'a, joto lilikuwa limeanza chini ya mifupa ya makalio. Narok mjini niliteremka miguu ikiwa na ganzi. Lakini sehemu ngumu ilikuwa ile inayofuata, kutoka Ntulele hadi Suswa na kuendelea hadi Mai Mahiu, ambapo barabara imenyooka, upepo unapiga kutoka ubavuni na malori yanafuatana. Hapo ndipo msafiri anapohitaji akili yake yote. Mimi nilikuwa nimeigawa: nusu ilikuwa kwenye lori lililo mbele yangu, na nusu ilikuwa kwenye uchungu.

Hilo ndilo somo la kwanza, na nalitanguliza kwa sababu watu wengi huona kiti kizuri kuwa ni anasa. Uchungu hula umakini. Anayeumia huchelewa kuona shimo, huchelewa kufunga breki, na hushawishika kukaza mwendo ili afike upesi na kumaliza mateso. Starehe ya kiti, kwa mtu wa safari ndefu, ni sehemu ya usalama wake sawa na kofia ngumu na taa.

Baada ya safari moja ya aina hiyo nilianza kusoma na kuuliza. Mwili ukikaa, uzito wake haugawanyiki sawasawa. Sehemu kubwa hushukia mifupa miwili iliyo chini ya nyonga, mmoja kila upande, ile ambayo mtu huihisi akikalia benchi la mbao. Nyama iliyo kati ya mifupa hiyo na kiti hubanwa, damu hupita kwa shida, na mwili hutoa taarifa kwa zamu: kwanza joto, kisha uchungu, mwisho ganzi. Kwenye gari, mgongo una pa kuegemea na kiti kina nafasi ya kujinyoosha. Kwenye pikipiki hakuna egemeo, na mshindo wa kila tuta hupanda kutoka tairi ya nyuma hadi uti wa mgongo kupitia mahali hapo hapo padogo. Kiti kizuri ni kile kinachoutawanya uzito huo: sehemu yake kwenye makalio yote, sehemu kwenye mapaja, na kidogo iwezekanavyo kwenye kifandugu na sehemu laini za mbele.

Wenzetu wa nchi za mbali wameliwaza jambo hili kwa miaka mingi. Marekani kuna chama kinachoitwa Iron Butt, kilichoanza mwaka 1984, ambacho hutambua wapanda pikipiki waliomaliza maili 1,000, yaani karibu kilomita 1,609, ndani ya saa 24. Kuna makampuni yanayoishi kwa kutengeneza viti vya watu kama hao. Corbin, ya California, inajulikana kwa viti vyake vigumu vilivyochongwa kufuata umbo la mwili. Russell, ya jimbo hilo hilo, hutengeneza kiti chenye mbawa pana pande mbili zinazobeba mapaja, na humtaka mteja atume picha zake akiwa amekaa juu ya pikipiki kabla kazi haijaanza. Kuna pia mto wa hewa unaoitwa Airhawk, wenye vijumba vingi vidogo vilivyounganishwa, ambao ulitokana na mito iliyobuniwa kwa ajili ya watu wanaotumia viti vya magurudumu, wasipate vidonda vya kukaa. Niliposoma hayo nilivutiwa na jambo moja: hakuna hata mmoja kati ya mabingwa hao anayeuza ulaini. Wote wanauza umbo na mgawanyo wa uzito.

Viti vyao, hata hivyo, vimekusudiwa pikipiki kubwa za huko, na gharama ya kuagiza kimoja, pamoja na usafiri na ushuru, ni mzigo mzito kwa mshahara wa mwalimu. Sikuwa na haja ya kwenda mbali hivyo. Kisii ni mji wa mafundi. Tangu pikipiki zilipoanza kumiminika nchini, karibu na mwaka 2008 serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa zile zilizo chini ya cc 250, mafundi waliozoea kushona makochi na viti vya matatu walijiongezea kazi ya viti vya boda boda. Leo vibanda vyao viko Kisii mjini, Keroka, Ogembo na Nyamira. Utaona kava zenye majina ya watoto, aya za Biblia, nembo za timu za Uingereza, na tangu timu yetu ya Shabana irudi ligi kuu mwaka 2023, kava za Shabana pia. Ustadi upo. Waliokuwa hawajazoeleka ni wateja wa kuomba kiti cha kukalia siku nzima.

Kiti cha boda boda cha kwetu kina mantiki yake, na ninaiheshimu. Ni kirefu na kimenyooka, ili abiria apande na kushuka kwa urahisi na gunia lilale bila kupinduka. Huongezwa unene upande wa nyuma, kwa sababu abiria ndiye anayelipa. Kava huwa ngumu na ya kung'aa ili ipanguswe tope kwa kitambaa. Kwa safari ya dakika kumi, hayo yote ni mema. Kwa safari ya kutwa, kila moja ya sifa hizo hugeuka kuwa kasoro: unyoofu huiacha mifupa ya dereva ifanye kazi peke yake, unene wa nyuma humsukuma kwenye tanki, na mng'ao humtelezesha kila anapofunga breki.

Fundi niliyempata kibanda chake hakikuwa mbali na Daraja Mbili. Nilipomweleza ninachotaka, hakuchukua kisu wala futi. Aliniuliza, "Mwalimu, uchungu unaanzia wapi mwilini, na ukianza unakuwa umefika wapi barabarani?" Nilimwambia: chini ya mifupa, zaidi upande wa kushoto, na huanza baada ya Bomet. Akatikisa kichwa, akaniuliza tena kama huwa natelezea mbele. Nikasema ndiyo. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaambia wenzangu kwamba fundi asiyeuliza maswali hayo mawili anajiandaa kukushonea kava, na kava peke yake haitakusaidia.

Kisha aliniambia nirudi siku nyingine nikiwa nimevaa mavazi yangu ya safari: suruali ile ile, buti zile zile, koti lile lile. Niliporudi, kijana wake aliishika pikipiki isimame wima, nami nikapanda. Fundi alinitazama kutoka ubavuni kwa muda. "Unakaa vile unavyotaka kuonekana," alisema. "Sasa kaa vile unavyokaa ukipita Narok." Nililegeza mabega, mgongo ukapinda, nyonga ikarudi nyuma, na hapo ndipo alipopiga alama kwa chaki. Maana mwili unaopimwa asubuhi ukiwa na nguvu ni mwili mwingine. Kiti kinatakiwa kumpokea mtu aliyechoka.

Kupima upana alitumia karatasi nzito ya katoni. Aliiweka juu ya benchi, akaniambia nikae nikiinua magoti kidogo, kisha nisimame. Katoni ilibaki na mibonyeo miwili. Alipima kutoka katikati ya mmoja hadi katikati ya mwingine, akapata sentimita 12 na ushei, akaandika ukutani kwa kalamu ya risasi. Hiyo mibonyeo miwili ndiyo mahali kiti kinapopaswa kuwa na nyama imara ya kutosha, na mshono wowote ukipita hapo, utausikia kabla hujamaliza saa moja.

Alipovua kava ya zamani, sponji ya katikati ilikuwa imelala na maji yalikuwa yameingia kupitia matundu ya uzi. Alinionyesha jinsi kiti kilivyoteremka kuelekea tanki. Katika milima yetu, ambako mtu hushuka mteremko kila baada ya kona, mteremko huo wa kiti ni adhabu: kila breki inakusukuma mbele, na kila mara unajirudisha nyuma kwa mikono. Mwisho wa siku mabega yanauma na msafiri hudhani tatizo ni usukani. Fundi alijaza upande wa mbele ukawa sambamba, akachimba bakuli la kina kidogo pale mifupa inapokaa, akaacha ukingo mfupi nyuma yangu wa kunizuia nisirudi kupita kiasi. Pale kifandugu kinapogusa, alipunguza kidogo ili pabaki wazi.

Nilipoona lile bakuli nilikumbuka vigoda vya wazee wa Gusii, vile vilivyochongwa kwa kipande kimoja cha mti na kupambwa kwa shanga. Ni mti mtupu, hauna sponji hata kidogo, lakini mzee huketi juu yake muda mrefu wa shauri bila kuhangaika, kwa sababu uso wake umechongwa kwa mbonyeo unaoupokea mwili. Umbo linalofaa, hata likiwa gumu, hushinda ulaini usio na umbo.

Kuhusu ulaini wenyewe tulizungumza kwa kirefu, maana hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopotezwa. Sponji laini hupendeza kwenye duka. Ukibonyeza kwa kidole inaingia, ukikaa inakukumbatia. Lakini sponji hiyo, ikishabanwa hadi mwisho, haina kazi tena. Kuanzia hapo unakalia plastiki ya chini. Fundi alinifundisha kutenganisha mambo mawili ambayo wauzaji huyachanganya. Uzito wa sponji, yaani kilo zilizomo katika kipimo kimoja cha ujazo, hueleza itadumu kiasi gani kabla ya kulala. Ugumu wake hueleza inabonyea kiasi gani. Sponji inaweza kuwa nzito na bado ikawa laini kiasi, au nyepesi na ngumu. Kwa kiti cha safari ndefu unataka iliyo nzito, na ugumu wake uulinganishe na uzito wa mwili wako. Mtu wa kilo 60 na mtu wa kilo 95 hawawezi kukaa kwenye sponji moja na wote wakaridhika.

Yeye alipanga matabaka. Chini kabisa aliweka sponji ngumu iliyogandishwa kutokana na vipande, ile inayotumika kwenye viti vya matatu. Katikati akaweka sponji nzito yenye ugumu wa wastani. Juu akalaza tabaka jembamba laini, lisilozidi unene wa kidole, kwa ajili ya ngozi tu. Niliuliza kuhusu ile sponji inayokumbuka umbo la mwili, ambayo inasifiwa kwenye magodoro ya bei ghali. Alinijibu kwamba sponji hiyo hufuata hali ya hewa: kwenye baridi hukaza, kwenye joto hulegea. Mtu anayeondoka Borabu alfajiri ukungu ukiwa bado chini, na saa sita mchana yuko kwenye jua la Suswa, atakuwa na viti viwili tofauti katika siku moja, na hakuna hata kimoja alichokichagua. Mifuko ya jeli nayo hushika joto la jua na kulihifadhi. Nilikubaliana naye tuachane na vyote viwili.

Jambo ambalo alinikatalia ni kimo. Nilitaka kiti kinyanyuliwe, kwa sababu magoti yangu yalikuwa yamekunjwa sana na nilijua kimo kikiongezeka magoti hufunguka. Fundi aliweka sponji ya muda, akaniambia niipeleke pikipiki kwenye mteremko wa udongo nyuma ya vibanda, nisimame, niweke mguu chini. Kidole gumba ndicho kilichofika. "Mwalimu," alisema, "mvua ikinyesha kule kwenu, huo mguu ndio utakaokushika." Alisema kweli. Udongo wetu mwekundu ukilowa huteleza, na anayesimama kwenye mteremko akiwa na abiria nyuma anahitaji unyayo mzima. Tulikubaliana tuongeze kidogo tu, na upungufu huo akaufidia kwa kuufanya upande wa mbele uwe mwembamba, ili mapaja yasipanuliwe na miguu ifike chini kwa njia fupi. Nyuma, pale mifupa inapokaa, alipanua. Hivyo kiti kikawa na kiuno.

Kisha akafanya jambo ambalo ndilo kiini cha makala hii. Alikataa kushona kava. Alifunika sponji kwa karatasi ya plastiki, akaizungushia kitambaa imara na kuifunga kwa kamba za mpira. Akaniambia niende mbali, nirudi na habari. Nilikwenda Isebania kupitia Rongo, Awendo na Migori. Saa ya kwanza kiti kilionekana kigumu kuliko nilivyopenda, na kama ningekihukumu hapo ningekikataa. Saa ya pili sikukifikiria kabisa. Saa ya tatu, nikiwa narudi na nimekaribia Rongo, kiti kilisema ukweli wake wote: makalio yalikuwa salama, lakini kingo za pembeni zilikuwa zimeanza kukata nyuma ya mapaja, na mfupa wa kushoto bado ulikuwa na joto kidogo.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kiti nacho hakijulikani dukani. Dakika tano za kwanza huupendelea ulaini. Saa ya tatu huupendelea ukweli wa umbo. Fundi alipunguza kingo kwa kisu kirefu na kuzilainisha kwa msasa, akaongeza kipande chembamba upande wa kulia ili nikae sawa, kwa kuwa alishagundua kwamba mwili wangu huegemea kushoto. Nikaenda tena njia ndefu, nikarudi nikiwa sina la kusema. Hapo ndipo alipowasha cherehani.

Kava ina elimu yake, hasa kwa watu wa nchi ya mvua. Kwetu mvua ya alasiri ni jambo la kutarajiwa karibu mwaka mzima, na mara nyingine huja na mawe yanayoharibu chai. Mshono wowote ulio juu ya kiti ni mlango wa maji, na sponji ikishanyonya maji huchukua siku kukauka, hunuka, na huoza. Fundi alikata reksini kwa namna ambayo uso wote wa kukalia ni kipande kimoja, na mishono ikawa pembeni chini ya mstari wa paja, imeshonwa mara mbili kwa uzi wa nailoni. Kati ya sponji na kava aliweka tabaka la plastiki. Kwenye sakafu ya kiti alitoboa matundu madogo, ili maji yatakayoingia yapate pa kutokea. Alipokuwa akiikaza kwa stepla alianza katikati, mbele na nyuma, kisha pande mbili, ndipo akamalizia pembe, akivuta kila hatua. Kunyanzi moja lililoachwa juu ya kiti hugeuka kuwa uchungu safarini. Nilichagua reksini isiyong'aa, ya kijivu, maana nyeusi ikiachwa juani Narok wakati msafiri anakula chakula cha mchana huunguza.

Mama watoto husafiri nami mara nyingine, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba pikipiki moja ina viti viwili hata kama kava ni moja. Sheria yetu inaruhusu abiria mmoja, na huyo mmoja ana mwili wake na uchungu wake. Fundi hakutaka nimsemee. "Mama, njoo ukae mwenyewe," alimwambia, na akampima kwa katoni ile ile, kwa maswali yale yale. Mibonyeo yake ilikuwa mbali zaidi kuliko yangu. Shida yake kubwa ilikuwa kwamba sehemu ya nyuma iliinamia mbele, hivyo kila breki ilimleta mgongoni kwangu, naye akatumia safari nzima kujizuia kwa mikono. Ikanyooshwa. Akaomba mahali pa kushika pa karibu, na vikanyagio ambavyo havimlazimishi kukunja magoti hadi kifuani. Tulipokwenda Kericho baada ya hapo, tulizungumza njia nzima. Zamani tulikuwa tukisafiri kimya.

Kiti, pamoja na yote hayo, hakifanyi kazi peke yake. Usukani ulio mbali humvuta mtu mbele hadi mifupa ihame kutoka mahali ilipochongewa. Shokapu za nyuma zilizokazwa kwa ajili ya magunia humrusha msafiri asiye na mzigo. Kabla ya safari nazilegeza hatua moja au mbili. Kwenye matuta husimama kidogo juu ya vikanyagio, magoti yakapokea mshindo badala ya mgongo. Suruali yenye mishono minene chini ya makalio huharibu kazi yote ya fundi. Na hata kwenye kiti bora, mwili unahitaji kushuka, kutembea na kunywa maji kabla haujadai. Mimi hupumzika Sotik au Bomet, tena Narok, tena Mai Mahiu karibu na kile kikanisa kidogo kilichojengwa na mateka wa Kiitaliano mwaka 1942, kabla ya kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa.

Anayetaka kutengenezewa kiti, basi, namshauri hivi. Ajue uchungu wake unaanzia wapi na baada ya muda gani, na aufikishe kwa fundi kwa maneno yaliyo wazi. Avae vile anavyosafiri. Akubali kuangaliwa akiwa amechoka. Aulize uzito wa sponji kabla ya rangi ya kava. Ajaribu kimo kwenye mteremko, si kwenye saruji. Asilipe malipo ya mwisho kabla ya kukaa saa tatu barabarani. Na abiria wake apimwe mwenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo sikulitarajia nilipoanza. Siku zile nilizokuwa nikishinda kibandani, vijana wa boda boda walikuwa wakipita kuleta viti vyao vilivyochanika, nami nikaanza kuwauliza hukaa muda gani juu ya pikipiki. Wengi huanza alfajiri na kumaliza usiku umeingia, siku sita kwa wiki. Mimi hujiita msafiri wa mwendo mrefu kwa sababu ya likizo zangu. Kijana wa steji ya Keroka, akiunganisha safari zake fupi za siku moja, anakaa juu ya kiti saa nyingi kuliko mimi, na hana wiki za kupumzika darasani. Mgongo wake unaanza kuuma akiwa na miaka 25, naye anauchukulia kuwa ni sehemu ya kazi.

Kiti chake kimejengwa kwa ajili ya abiria na mzigo, naye amebaki na kipande chembamba kilichobanwa kwenye tanki. Kinachohitajika ni kidogo: sehemu ya mbele iliyo sambamba, bakuli la kina kifupi, sponji nzito badala ya laini, mshono uliohamishwa pembeni. Urefu wa nyuma unaweza kubaki kwa ajili ya biashara. Kazi hiyo fundi wa Kisii anaiweza leo, kwa vifaa alivyo navyo, na tofauti ya gharama kati yake na kava ya mapambo ni ndogo. Vyama vya akiba vya wahudumu wa boda boda, vinavyokopesha fedha za kununua pikipiki, vinaweza kuiingiza gharama hiyo kwenye mkopo tangu siku ya kwanza. Hospitali zetu zingepunguziwa migongo mingi.

Ninaposikia mtu akisifu kiti kwa kukibonyeza kwa kiganja, namwambia apande, aende, arudi. Na fundi akiniuliza aanze na nani pikipiki inapoletwa kibandani, namjibu kwamba kwa mtalii, kwa mwalimu na kwa kijana wa steji, kanuni ni ile ile: anayekaa muda mrefu zaidi ndiye apimwe kwanza.